Kwa Salma, kuhusu siku yetu katika magofu ya Gede

Mombasa,
Desemba

Mpendwa Salma,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima wewe, shemeji na watoto. Sisi hatujambo, ila Mama miguu yake bado inamsumbua. Najua nimekaa kimya muda mrefu, nawe utanisamehe. Leo nina habari ambayo nisingeweza kuimaliza kwa simu, kwani Jumamosi iliyopita tulikwenda Gede sote sita, mimi na Baba Yusuf, watoto watatu, na Mama mwenyewe.

Bila shaka unaikumbuka ziara yetu ya shule. Tulipangwa safu mbili, tukaambiwa kwamba mji ule ulijengwa na Waarabu, tukayaandika hayo madaftarini, kisha tukakimbia kuwatazama kima. Ukubwani nilikuja kusoma kwamba hata James Kirkman, aliyeuchimba mji huo kuanzia mwaka 1948 hadi 1958, aliuita mji wa Waarabu, na kwamba ni utafiti wa baadaye uliothibitisha kuwa waliojenga na kuishi pale walikuwa Waswahili wa pwani hii. Nilikuwa nimeyasoma, Salma, lakini hayakuniingia moyoni mpaka nilipomwona Mama amesimama ndani ya nyumba zile.

Tulifika mapema, kabla jua halijawa kali. Ukishaiacha barabara ya Malindi na kuingia msituni, joto hupungua ghafla, na kuta za matumbawe huanza kujitokeza moja moja kati ya miti, nyingine zikiwa zimekumbatiwa na mizizi kiasi kwamba huwezi kujua ni mti unaoushikilia ukuta au ni ukuta unaoushikilia mti. Karibu na lango lipo lile kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Yusuf alisimama hapo akihesabu kwa vidole vyote alivyonavyo, na alipopata kwamba imepita zaidi ya miaka mia sita, alivua kofia yake bila kuambiwa na mtu.

Katika Msikiti Mkuu, juu ya tao la mlango mmoja, umechongwa mkuki wenye bapa pana. Sisi tulipokuwa shule tulipita chini yake bila kuinua macho. Mama aliuona mara moja akasema, "Hilo ni fumo," kisha akawaeleza watoto kwamba kwao Lamu na Pate neno hilo halikuwa la silaha peke yake, bali lilikuwa pia jina la watawala.

Lakini ni katika nyumba ndipo aliponishangaza. Unajua yeye alizaliwa katika nyumba ya mawe ya Lamu, akaihama alipoolewa. Alipoingia katika nyumba ya kwanza, nyumba isiyo na dari wala mlango, alishika ukuta, akatembea polepole akitaja kila sehemu kana kwamba amerudi kwao: hapa ndipo mgeni anapongoja, hiki ni kiwanda, yaani ua wa ndani, pale ni msana, chumba kirefu kinachotazama ua, na kule nyuma ni ndani kwenyewe, wanakolala wenyewe na ambako mgeni hafiki. Akatuonyesha kwamba vyumba ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu upana wa chumba hufuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, jambo ambalo babu yake fundi alikuwa akilisema kila mara. Mwongozaji wetu, kijana mwenye adabu sana, alinyamaza akamwachia maneno. Baadaye yeye naye alimwonyesha Mama kitu asichokijua, chumba cha akiba kisicho na mlango wowote, ambacho watu walikiingia kwa ngazi kutoka juu, na nilifurahi kuona jinsi wawili hao walivyopeana elimu.

Mahali tulipokaa sana kuliko pote ni chooni, na usinicheke. Vyoo vya Gede vina shimo lake na pahali pa kujisafishia kando yake. Hapo Mama alikumbuka birika la kwa nyanya yake, yaani tangi la maji lililojengwa ndani ya nyumba, ambalo chini yake lilitiwa bakuli la kauri ili samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu wapate maji hata birika likikaribia kukauka. Rukia akauliza kama bakuli hilo lilitoka China, kama vile vyombo vya kauri tulivyoviona katika makumbusho ya hapo, na Mama akajibu kwamba hakuwahi kuuliza. Tangu hapo alikuwa kimya kwa muda.

Nyumba nyingi zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sanduku la Pembe. Nilihuzunika kidogo kuona kwamba mkasi umebaki na jina, naye aliyeutumia hana. Kuhusu sababu ya watu kuhama mapema katika karne ya 17, hutajwa vita vya pwani na pia kushuka kwa maji ya visima, na kisima cha karibu na msikiti kilipata kuchimbwa chini zaidi. Mama alikaa ukingoni mwake, akasema mji hauhamwi kwa siku moja, huhamwa ndoo kwa ndoo.

Mchana tulikula chini ya miti, kima mmoja akamnyang'anya Khalid ndizi, kisha tukawatazama vipepeo wa mradi wa Kipepeo, ambao tangu mwaka 1993 umewapa wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke njia ya kupata riziki bila kuukata. Bila shaka umesikia pia kwamba Julai 2024 Gede iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Sasa Mama ana ombi kwako. Anauliza kama zile zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za nyumba ya nyanya yako kule Siyu bado zimesimama. Ukienda likizo, tafadhali zipige picha, ukuta mzima na karibu karibu, kabla ya masika, na umuulize nyanya kila chumba anakiitaje. Yusuf amekwisha kununua daftari la kuyaandika.

Wako akupendaye,
Mwanaisha