Barua ya wazi kwa mdogo wangu: ukimfokea Mzee, anayefaidi ni tapeli

Mdogo wangu,

Salamu tumeshapeana kwenye simu, kwa hiyo niende moja kwa moja kwenye lile tuliloliacha njiani. Nilikusikia ukisema Mzee hasikii, kwamba umemwambia mara ngapi asimpe mtu namba za kuthibitisha zinazoingia kwenye simu yake, na bado akazitoa, akaibiwa akaunti ya WhatsApp. Nakujibu hadharani kwa sababu hatuko peke yetu. Nyumba nyingi zina mzazi aliyeibiwa akaunti, na sasa kila mtu anamwangalia kama mtoto aliyevunja chombo cha wageni.

Kwanza tuelewane alifanyiwa nini, maana sidhani kama ulimuuliza kwa utulivu. Mimi nilimuuliza. Tapeli alichukua namba ya Mzee akaiandika kwenye simu yake mwenyewe, kama mtu anayefungua WhatsApp upya. WhatsApp ikatuma meseji yenye tarakimu sita kwenye laini ya Mzee, kama inavyofanya kwa kila mtu. Hadi hapo tapeli hana kitu mkononi. Kilichobaki ni kumfanya Mzee mwenyewe azitoe hizo tarakimu, na hakuziomba kama mtu baki. Aliandika kupitia akaunti ya rafiki yake Mzee wa siku nyingi, ambayo ilikuwa imeshaibiwa: "Ndugu yangu, nimekosea, namba zangu zimekuja kwako. Hebu nirushie haraka." Jina ni la rafiki, picha ni ya rafiki, na ukipandisha mazungumzo juu unakuta salamu zao za kweli na picha za wajukuu. Mzee akafanya alichotufundisha sisi sote tangu utotoni: mwenzako akikwama, msaidie.

Sasa niambie, hapo ujinga uko wapi?

Tena usidhani haya ni ya wazee tu. Yuko bwana anayejiita Jim Browning, ambaye kazi yake kwenye YouTube ni kuwaumbua matapeli wa simu. Mwaka 2021 alirubuniwa na mtu aliyejifanya mhudumu wa YouTube, akaifuta chaneli yake kwa mkono wake mwenyewe. Baadaye aliirudisha. Troy Hunt, Mwaustralia aliyeanzisha Have I Been Pwned, tovuti inayokuonyesha kama anwani yako ya barua pepe imo kwenye taarifa zilizovuja, naye aliingia mtegoni Machi 2025. Alikuwa amechoka na safari ndefu, akapokea barua pepe ya kumtisha kuhusu akaunti anayoitumia kuwaandikia wasomaji wake, akaandika nywila kwenye ukurasa bandia. Anwani zipatazo 16,000 za wasomaji wake zikachukuliwa. Watu hawa wanaijua kazi hii kuliko mimi na wewe. Walinaswa kwa uchovu na haraka, vitu ambavyo havichagui umri.

Marekani, ambako takwimu hizi hukusanywa kila mwaka, tume ya biashara ya FTC imekuwa ikionyesha kwamba vijana ndio wanaoripoti mara nyingi zaidi kuwa wamepoteza pesa kwa utapeli. Tofauti ni kwamba mzee akipoteza, hupoteza fungu kubwa zaidi, na pengine ni akiba ya maisha. Kwa mwaka 2024, FBI, shirika la upelelezi la hukohuko, ilipokea malalamiko ya watu wa miaka 60 na kuendelea yenye hasara ya karibu dola bilioni 4.9. Na hao ni walioripoti. Walionyamaza kwa aibu hawamo.

Hiyo aibu ndiyo iliyonifanya niandike. Sikiliza jinsi matapeli wanavyozungumza, utaona sentensi moja hairukwi: "Jambo hili libaki kati yetu." Anayejifanya ofisa wa benki atasema uchunguzi ni wa siri. Anayejifanya polisi atasema ukimwambia mtu utashtakiwa. Anayejifanya mchumba atasema watoto wako hawatatuelewa. Wote wanamwambia asikate simu. Wanajua kwamba mzee akiitamka habari hiyo mbele ya mtu mwingine, hata jirani tu, mchezo umekwisha. Sasa wewe ukimfokea, ukimwita mshamba, ukimsimulia shangazi na binamu jinsi alivyoibiwa, unadhani safari ijayo atakupigia? Atanyamaza, na ukimya wake ndio mtaji wa tapeli. Pesa iliyotumwa dakika chache zilizopita benki inaweza kujaribu kuizuia. Ukija kugundua wiki ijayo, imeshapita akaunti kadhaa na kupotea.

Kwa hiyo anza na kumwomba radhi. Wewe ni mdogo, haikushushi.

Kisha badilisha namna ya kuongea naye. Acha mihadhara ya "usibonyeze, usipokee, usijibu". Mpelekee meseji ya kitapeli iliyokujia wewe, umuulize, "Mzee, hii unaionaje?" Utashangaa. Mtu aliyeuza na kununua maisha yake yote ananusa ulaghai haraka akiombwa ushauri, kuliko akifundishwa kama mwanafunzi. Muonyeshe na lile ambalo hawezi kulijua mwenyewe: jina linalotokea kwenye meseji au kwenye simu inayoita linaweza kughushiwa, na meseji bandia ikatua kwenye mfululizo uleule wa meseji halisi za benki. Kwa hiyo jina lisimpe imani. Akipigiwa na "benki", akate, halafu apige mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi yake. Kama jambo ni la kweli, litamsubiri.

Mkubaliane pia kitu kimoja kuhusu pesa: haitoki yoyote kwa kuombwa kwenye simu kabla hajampigia mmoja wetu. Sheria hiyo itubane na sisi. Mimi nikimwandikia kwamba nimekwama nahitaji pesa, anipigie, tena kwa namba yangu anayoijua. Na kwa kuwa siku hizi sauti ya mtu inaweza kuigizwa na kompyuta kutokana na kipande kifupi alichoweka mtandaoni, tuwe na neno letu la siri la nyumbani. FBI wenyewe walitoa ushauri huo kwa familia mwishoni mwa 2024. Mzee alichague. Najua atachagua kitu cha kuchekesha, na hapo hatalisahau.

Sasa kazi ya mikono. Usimnyang'anye simu ukaenda nayo chumbani. Kaa naye, yeye abonyeze.

WhatsApp yenyewe irudisheni kwa kuisajili upya kwa namba yake. Zikiingia tarakimu sita mpya naye akaziandika, tapeli anatolewa nje papo hapo. Ikiwa tapeli ameshaweka PIN yake, Mzee atalazimika kusubiri siku saba ndipo aingie bila hiyo PIN, lakini hata katika siku hizo mwizi naye hayumo. Akishaingia, nendeni kwenye Mipangilio, kisha Akaunti, muwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Hapo anaweka PIN yake ya tarakimu sita, na kuanzia siku hiyo anayezipata zile za kwenye meseji peke yake hafiki popote. PIN aichague yeye, isiwe tarehe yake ya kuzaliwa. Pia angalieni orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Chochote msichokitambua, kitoeni. Na watu wake wote wapewe habari, kwa sauti si kwa meseji, maana tapeli huenda ameshawaomba pesa kwa jina lake.

Barua pepe ndiyo watu wanaisahau. Hakuna anayeiona muhimu kwa sababu haiingizi pesa, lakini mwenye kuishika anaweza kuomba nywila mpya za karibu kila akaunti nyingine. Ipewe nywila ndefu isiyotumika mahali pengine, nayo iwekewe hatua mbili. Nywila ndefu azikumbuke vipi? Aziandike kwenye daftari, alifungie kabatini na hati zake nyingine. Najua utapinga. Lakini anayemwinda Mzee yuko mbali sana, hafiki kwenye lile kabati, na daftari linashinda nywila moja inayorudiwa kila mahali.

Halafu ile simu. Nikuulize kwa upole: si ndiyo uliyoitumia wewe hadi ukaichoka? Wengi tunawapa wazazi simu ambazo kiwanda kimeshaacha kuzipelekea masasisho ya usalama, kisha tunashangaa. Angalia kwenye mipangilio sasisho la mwisho ni la lini. Kama ni la miaka iliyopita, tuchange tumnunulie nyingine, hata ya kawaida, mradi bado inapata masasisho. Programu apakue kwenye duka rasmi la simu, asikubali faili lililotumwa kwenye kundi hata kama limeitwa kadi ya mwaliko. Na programu yoyote ikiomba ruhusa ya ufikivu, asimame akuulize. Ruhusa hiyo iliwekwa kuwasaidia wenye ulemavu, lakini virusi vinavyowinda akaunti za benki huitumia kusoma kilicho kwenye kioo na hata kubonyeza kwa niaba ya mwenye simu. AnyDesk na TeamViewer, zinazomwezesha mtu aliye mbali kuiona na kuiendesha simu yako, ni programu halali, mafundi wanazitumia kila siku, ila mtu asiyemjua akimwambia aziweke ili "amsaidie", hiyo ni sawa na kumkabidhi simu mkononi. Akiwa ameshaiweka, azime intaneti kwanza, maswali baadaye.

Laini ikipoteza mtandao ghafla huku za wenzake zinashika, asingoje hadi kesho. Huenda kuna aliyejifanya Mzee akaisajili upya ili apokee yeye meseji za benki za Mzee. Apige kwa kampuni ya simu kupitia simu ya mtu mwingine, halafu benki.

Tafadhali usije ukahamishia akaunti zake zote kwako kwa kisingizio cha kumlinda. Pesa ni zake na bado ana akili zake timamu. Akitaka tuwe tunaona miamala, aseme yeye.

La mwisho, na hili linaweza kutokea wiki hii hii. Walioibiwa mara moja, majina yao huuzwa. Atatokea mtu mwingine, mpole sana, atamwamkia shikamoo vizuri kuliko sisi, aseme yeye ni wakili au mpelelezi wa mtandao na anaweza kurudisha kilichopotea, ila kuna ada kidogo ya kuanzia. Mwambie Mzee leo, kabla huyo hajapiga. Mimi nitampigia jioni kuhusu lile neno la siri.

Dada yako