Jiwe lako linang'aa, lakini hatuanzi na mashine ya kuchoronga

Sisi hutafuta mbale ya risasi, ile metali nzito, kwenye migodi ya zamani, na lalamiko tunaloletewa kila msimu halibadiliki sana. Mwenye leseni ya utafutaji anaweka mezani jiwe la galena, yaani mbale (mawe yenye metali) ya risasi, zito kama chuma, linametameta pande zote, kisha anauliza: "Shimo la wazee liko pale pale, jiwe hili hapa. Mnanitoza wiki tatu za kusoma ramani kuukuu na kuzoa udongo kwa nini? Leteni mashine, chorongeni chini ya shimo." Wengine hawaulizi, wanaondoka wakisema tunarefusha kazi ili ankara inenepe. Basi tueleze.

Tuanze na jiwe lenyewe. Galena safi ni asilimia 86.6 ya risasi kwa uzito, na ni nzito mara saba na nusu kuliko maji. Jiwe lolote la galena lililosafishwa, popote duniani, likienda maabara litarudi na namba kubwa. Namba hiyo inaeleza galena ni nini. Haielezi mshipa wako, yaani ufa wa mwamba uliojaa mbale, una upana gani. Hesabu yake ni hii: ili mtu afanye kazi chini ya ardhi anahitaji nafasi ya kama mita 1.5, hata mshipa ukiwa mwembamba kuliko hapo. Sentimita 10 za galena tupu ndani ya mita 1.5 za mwamba wa kawaida hutoa mbale yenye risasi asilimia 14 hivi. Galena ikishuka hadi sentimita 2 katika nafasi ile ile, inabaki asilimia 3. Jiwe la mezani linaweza kuwa limetoka kwenye mshipa wa kwanza au wa pili, na kwa macho hakuna atakayejua.

Tena, jiwe hilo mara nyingi limeokotwa kwenye magwangala. Magwangala ni mabaki: ni yale waliyoyakataa wachimbaji wa zamani, yaliyoanguka kwenye toroli, au yaliyomwagwa kutoka kina chochote. Hayapimi utajiri wa mshipa. Yanasaidia kwa jambo jingine, nalo sisi huwa tunalikalia muda mrefu: kuona galena ilishikana na madini gani mengine. Kama ni baraiti nyeupe yenye uzito usio wa kawaida, au flospa, au kalsaiti, au kwatzi. Kama kuna sfaleriti ya kahawia, ambayo ni mbale ya zinki, imetupwa lundo zima. Katika wilaya nyingi za zamani zinki haikuwa na soko au hawakujua kuiyeyusha, ikaachwa. Lundo la aina hiyo linaweza kubadilisha kabisa unachokitafuta.

Swali la kwanza tunalouliza ni hili: wazee waliacha kwa nini? Hapo ndipo wiki hizo tatu zinapokwenda, na hatuzipunguzi.

Kama waliacha kwa sababu ya maji, mbale inaweza kuwa imeendelea chini ya usawa wa mtaro wao wa kutolea maji. Huko Derbyshire, Uingereza, watu walichimba mitaro mirefu chini ya ardhi kwa ajili ya kazi hiyo tu. Wa Meerbrook ulianza 1772. Mtu hagharamii mtaro wa namna hiyo kwa mshipa uliokwisha. Lakini mtaro huo huo unakuambia kwamba kila kilicho juu yake kimepekuliwa vizuri sana, usitegemee kuokota kitu hapo. Kama waliacha kwa sababu ya bei, kama ilivyotokea kwa migodi mingi ya Uingereza bei ya risasi ilipoporomoka mwishoni mwa miaka ya 1870 na kuingia ya 1880, kuna uwezekano nguzo za mbale zilizoachwa bila kuchimbwa bado zimesimama. Na kama waliacha kwa sababu mshipa ulibana hadi kuwa mstari wa udongo kwenye ukuta, hapo mwamba ndio unaoamua.

Hili la mwamba wateja hulipita haraka, na ndilo lenye faida kuliko yote. Mshipa ni mpasuko uliojazwa. Mpasuko ukipita kwenye mwamba mgumu, kama mawe ya chokaa au mchanga ulioshikamana, husimama wima na kuachana, nafasi ikapatikana. Ukiingia kwenye mwamba laini wa matope, hulala, kuta zake zikasagana, na udongo ukaziba nafasi. Kaskazini mwa milima ya Pennines, Uingereza, mishipa hupanuka ndani ya chokaa na kubanwa ndani ya mwambatope, tabaka kwa tabaka. Derbyshire, mishipa iliyokuwa minene kwenye chokaa hukonda ikifika kwenye lava ya zamani iliyo katikati ya matabaka. Kwa hiyo mgodi ulioishia kwenye mwambatope haujathibitisha kwamba mbale imekwisha. Umethibitisha kwamba wazee walifika kwenye mwambatope. Je, chini yake kuna chokaa nyingine, na iko mita ngapi? Jibu hilo hulipati kwa mashine. Unalipata kwa kutembea mabondeni na kupima matabaka yanapojitokeza. Gharama yake ni buti na siku chache.

Hata ndani ya mwamba mmoja mbale haikai sawasawa. Hukaa kwa mafungu, kati yake mshipa ukiwa na kwatzi tupu au haupo kabisa. Mafungu hupenda mahali mpasuko unapopinda na mahali mishipa miwili inapokutana. Wachimbaji wa Freiberg, Ujerumani, ambako kazi ilianza 1168, waliyawinda makutano hayo kwa vizazi vingi. Ndiyo maana tunachora mwelekeo na mwinamo wa kila mshipa, hata ule mwembamba usio na kitu.

Sasa ramani kuukuu. Mteja akiwa na ramani ya mgodi huona kazi imekwisha, aiweke juu ya picha ya setilaiti na kuchagua sehemu. Usifanye hivyo. Kwanza, vipimo vya ramani za Kiingereza huwa kwa fathomu, na fathomu moja ni mita 1.83. Kina kimeandikwa kuanzia mdomo wa shimo au kuanzia usawa wa mtaro? Ukikosea hapo umekosea makumi ya mita. Pili, mshale wa kaskazini karibu kila mara ni wa dira, na kaskazini ya dira huhama. Karibu na 1820, dira mjini London ilielekea digrii 24 hivi magharibi ya kaskazini halisi. Leo tofauti inakaribia sifuri. Ramani ya wakati huo ikiwekwa bila kusahihishwa, ncha ya handaki la mita 500 inakaa zaidi ya mita 200 kutoka ilipo kweli. Hapo unachoronga shamba la jirani.

Sisi hutafuta mashimo yasiyopungua manne yanayoonekana ardhini na kwenye ramani pia, tunayapima kwa GPS ya usahihi, kisha ndipo tunaigeuza ramani ikubaliane nayo. Matatu hutosha kwa hesabu, la nne ndilo linalokamata kosa. Mchoro tunaoutamani kuliko ramani ni ule wa pembeni, unaoonyesha mshipa kama ukuta na sehemu zilizokwisha chimbwa. Nao tunausoma tukijua kwamba miezi ya mwisho ya mgodi haichorwi: kampuni inafilisika, mpimaji hajalipwa, wachimbaji wanaendelea kukwangua.

Udongo. Hapa njia ya mkato inapendwa sana kwa sababu kifaa cha eksirei cha mkononi, kinachopima metali kwenye udongo, sasa kinakodishwa. Mtu anatembea nacho siku moja, anaelekeza juu ya ardhi, anarudi na ramani nyekundu yote, yaani risasi nyingi kila mahali. Bila shaka ni nyekundu. Katika wilaya ya zamani sentimita 20 za juu zimejaa vumbi la mbale, moshi wa tanuri na vilivyodondoka barabarani. Udongo wa kawaida huwa na risasi kama sehemu 10 hadi 30 kwa milioni. Karibu na tanuri la zamani utapata maelfu, na mshipa haupo.

Tunavyofanya: kabla ya kupanga mistari ya sampuli, tunachimba vishimo vichache vya majaribio na kupima kila sentimita 10 kwenda chini. Risasi ikishuka ghafla baada ya sentimita 20, imetoka juu. Ikibaki au kupanda kuelekea mwamba uliooza, imetoka chini, na hiyo ndiyo tunayoitaka. Kisha sampuli zote huchukuliwa kwa keekee ya udongo chini ya tabaka lililochafuka, kwa kawaida sentimita 40 hadi 80. Mistari hukata mshipa, si kuufuata, na nukta hukaa kila mita 10. Mteja akituomba nukta kila mita 50 ili kupunguza bei tunamkatalia, maana risasi haisafiri mbali kwenye udongo na mshipa wa nusu mita utapita katikati ya nukta mbili kimya kimya. Zinki husafiri na maji zaidi, kwa hiyo huchora kivuli kipana, yaani eneo lenye namba za juu kwenye udongo. Tunazisoma zote mbili. Kwenye mteremko, kivuli chote huwa kimeteleza kushuka, na kilele cha namba kiko upande wa chini wa mteremko, si juu ya mshipa wenyewe.

Udongo hukaushwa na kuchekechwa kwa chekeche ya milimita 0.18 kabla ya kupimwa. Udongo mbichi hupunguza namba. Na kuna mtego mmoja wa kifaa hicho: mstari mkuu wa risasi na wa aseniki hukaa karibu mahali pamoja, kiloelektronivolti 10.5 hivi, kwa hiyo risasi ikiwa nyingi, usiamini namba ya aseniki.

Vipimo vya umeme wa ardhini tunavifanya, lakini hatuviuzi kama miujiza. Galena huitikia, sfaleriti safi haiitikii. Mwambatope wenye grafiti huitikia kuliko zote mbili. Reli zilizozikwa, mabomba na nyaya za uzio hutengeneza mshipa mzuri sana ambao haupo.

Mahandaki ya juu ya ardhi, yaani mitaro ya wazi inayofikia mwamba, hufuata, na hapo kosa ni nyundo. Galena ni laini, ugumu wake ni 2.5, hupasuka vipande vya mraba na kumwagika, huku kwatzi ikibaki ukutani. Anayegonga kwa nyundo hujaza mfuko galena nyingi kuliko iliyopo. Tunakata kwa msumeno wa almasi wenye maji mfereji wa upana wa sentimita 10 na kina cha sentimita 5, kukatiza mshipa. Hiyo ni kilo 13 hivi kwa kila mita ya mwamba wa kawaida. Mshipa kwenye mfuko wake, ukuta wa kushoto na wa kulia kwenye mifuko yao. Katika kila sampuli 20 tunaingiza tupu moja isiyo na risasi, moja yenye kiwango kilichothibitishwa, na pacha moja ya sampuli iliyopo. Wateja huomba tuziondoe hizo tatu kwenye ankara. Zibaki: galena hujipaka kwenye kinu cha kusagia, na sampuli tupu iliyopita baada ya sampuli tajiri ndiyo itakayotuambia kama maabara ilisafisha kinu.

Ndipo mashine inakuja. Ukichoronga wima kando ya shimo la zamani, jambo linalotokea mara nyingi ni hili: mabomba yanaanguka ghafla mita mbili tatu, maji yanapotea yote, pengine kichwa cha kukatia kinanasa humo. Umeingia kwenye pango ambalo mbale yake iliuzwa zamani. Umelipa mita zote kujua kile ambacho mchoro wa pembeni ungekuonyesha.

Tunalenga mita 30 hadi 50 chini ya sehemu ya mwisho iliyochimbwa, au mbele yake kwenye mwelekeo wa mshipa, kwa shimo lililoinama linalokutana na mshipa karibu na pembe mraba. Upana kwenye kore, ile nguzo ya mwamba inayotolewa na mashine, si upana wa mshipa: mita 3 zilizokatwa kwa pembe ya digrii 30 na mshipa ni mita 1.5 tu. Mshipa mara nyingi ndio sehemu laini kuliko zote za shimo, hivyo ndiyo inayosagika na kuoshwa na maji ya kuchorongea. Tukikaribia lengo tunapunguza hatua hadi mita 1 au nusu, tukitumia bomba la tabaka tatu, hata kama mwendeshaji analalamika kwamba anachelewa. Kore ikirudi pungufu kwa asilimia 40 mahali pa mshipa, kipimo cha maabara cha kilichobaki ni kubahatisha.

Shimo moja tupu halijaua mshipa, na shimo moja tajiri halijafungua mgodi. Kwa hiyo bei yetu imepangwa kwa hatua, na mwisho wa kila hatua tunaandika kama kuna sababu ya kuendelea. Anayesimama baada ya udongo hulipa sehemu ndogo tu ya gharama za kuchoronga.

Hatuingii kwenye mashimo ya zamani, wala usituambie ulishaingia na ni salama. Mbao zilizofunika midomo yake zimeoza chini ya majani, na hewa ya ndani inaweza kukosa oksijeni bila harufu yoyote. Vumbi nalo lichukuliwe kwa uzito: mgodi wa Kabwe, Zambia, ulifungwa 1994 na udongo wa makazi ya jirani bado una sumu ya risasi. Tunakata kwa maji, tunanawa kabla ya kula, nguo za kazi haziendi nyumbani.

Ukija mara ya kwanza, njoo na mipaka ya leseni, ramani au mchoro wowote wa mgodi hata uliochanika, na picha za kila lundo la magwangala. Jiwe njoo nalo pia. Tutaliangalia limeshikana na nini, kisha tutakuuliza uliliokota wapi hasa, kwa hiyo weka alama pale.