Shoga, using'oe jino kwanza

Mbukwa shoga yangu! Sisi huku Nkuhungu tupo, vumbi na upepo kama unavyoujua. Najua nimekukalia kimya tangu ule msiba, nilaumu baadae, leo nina jambo.

Uliposema Jumamosi unaenda kung'oa gego nikashtuka. Baba Sele amelazwa, yule wa zabibu pale Majengo. Miezi 2 homa inakuja inaondoka, malaria hakuna, akatibiwa taifodi mara mbili, usiku jasho shuka linalowa, suruali zinamvuka. Walipokuja kuotesha damu yake maabara waone kinachoota ndo wakawakuta bakteria, tena wa mdomoni! Fizi zilimtoka damu miaka, mwenyewe anasingizia mswaki mgumu, kumbe ukoga umejaa na wadudu wanapita hapo hapo kwenye damu mpaka kwenye valvu ya moyo, vile vilango vya kupitishia damu, wakaweka makazi. Sasa anachomwa sindano za mshipa wiki 6. SITA shoga, sio zile za siku 5.

Daktari anasema hata sisi tukitafuna tu wanaingia kidogo ila mwili unawamaliza, shida ni valvu yenye kovu, hapo wanapata pa kujishika. Nikakukumbuka wewe. Si ulivimba magoti darasa la tano, wakasema ni homa ya baridi yabisi na imegusa moyo, ukawa unachomwa ile sindano kila mwezi unalia mpaka mwalimu anakuonea huruma? Huyo wa meno umemwambia? Maana najua utakaa kwenye kiti umpanulie mdomo basi.

Sisemi ukae na jino bovu, hilo nalo ni balaa. Mwambie tu habari ya moyo kabla hajashika koleo, aamue mwenyewe, kuna wanaomezeshwa amoksilini gramu 2, yaani vidonge 4 vya 500, kama saa moja kabla. Usijinunulie duka la dawa ukameza kwa akili yako, nakujua! Na ukivimba chini ya ulimi ukashindwa kumeza, usisubiri Jumamosi, nenda usiku huo huo, pumzi inaweza kuziba.

Mi nilikuwa naona aibu na haya meno yetu ya kahawia, kumbe madoa ni floraidi ya maji tu, wenye meno meupe pee ndo fizi zimeoza haha.

Haya niambie, lile daftari la kliniki bado unalo au mama alilitupa? Shemeji anakusindikiza? Na Manyoni mvua mlipata? Nipigie kabla ya Ijumaa bwana, hata kubip.