Nambari moja kwa hesabu ipi?

Mhariri,

Ukurasa wenu wa burudani umeandika tena kwamba "Texas Hold 'Em" wa Beyoncé ulikuwa nambari moja katika chati ya kantri mwaka 2024. Ni kweli, ila hiyo ni nusu ya habari, na nusu mliyoiacha ndiyo nzito.

Billboard, jarida la muziki la Marekani, ina chati mbili kuu za kantri. Hot Country Songs hujumlisha mauzo, usikilizaji wa mtandaoni na redio za kila aina. Huko kibao hicho kiliingia moja kwa moja nambari moja Februari 2024, na Beyoncé akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuishika nafasi hiyo. Country Airplay huangalia tu kinachopigwa na vituo vya kantri. Huko hakikupita nafasi ya 33. Wimbo ni uleule! Wasikilizaji waliupokea kwa mikono miwili. Wapanga nyimbo wa vituoni wakausitia. Kituo kimoja cha Oklahoma kilimjibu msikilizaji aliyeuomba kwamba hakimpigi Beyoncé kwa sababu chenyewe ni cha kantri. Mashabiki walipokijia juu ndipo kikaupiga.

Kinachoniuma ni kwamba wimbo wenyewe unaanza na banjo, inayopigwa na Rhiannon Giddens, mwanamuziki Mweusi wa North Carolina ambaye kwa miaka mingi amekuwa akieleza kuwa ala hiyo ina asili ya Waafrika waliopelekwa utumwani. Sasa mgeni hapo ni nani? Linda Martell naye, mwimbaji Mweusi wa kantri, mwaka 1969 alifika nafasi ya 22 katika chati ya kantri, na bado alisahaulika kwa miongo.

Sisemi rangi ndiyo sababu pekee. Shaboozey, mwimbaji Mweusi pia, aliongoza chati zote mbili mwaka huohuo kwa "A Bar Song (Tipsy)", na ndiye aliyempokea Beyoncé kileleni mwa Hot Country Songs. Ndiyo maana takwimu zote mbili zinahitajika: moja peke yake inampotosha msomaji, iwe ya sifa au ya lawama.

Kenya ina wapenzi wengi wa kantri, tuliokua na sauti za Jim Reeves na Kenny Rogers redioni. Tunaomba kila mnapotaja nafasi ya wimbo, mtaje jina la chati na kinachohesabiwa humo. Mstari mmoja unatosha.

Mpenzi wa kantri,
Nakuru