Risala ya Akina Mama wa Soko la Mpakani, Busia, kwa Mgeni Rasmi, Afisa wa Afya wa Wilaya

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa soko, wazee wetu, wauguzi na akina mama wenzetu: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Tunakushukuru kwa kukubali kuketi nasi. Sisi ni wauza mukene (dagaa), nafaka na nguo. Wasamia, Wateso, Waganda na wenzetu wa ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili ndicho kinachotukalisha pamoja. Habari za kuweka na kukopa zimo kwenye daftari la mweka hazina. Leo tuna jambo moja tu.

Mheshimiwa, mwaka jana tulimzika mwenzetu wa miaka 38. Alikuwa na saratani ya titi. Mama yake alifariki kwa ugonjwa huohuo kabla hajafika miaka 45. Mama yake mdogo alivimba tumbo, akatibiwa vidonda vya tumbo miezi mingi, hadi ikajulikana kuwa ni saratani ya ovari, yaani kiungo cha mwanamke kinachotoa mayai ya uzazi. Mtaani wakasema nyumba ile imerogwa, na wengine wakaacha kununua mukene wake. Inatuuma kukiri kwamba hata baadhi yetu tuliamini. Pesa za mazishi tulizichanga kwa siku moja. Nauli yake ya kwenda hospitali ya Mulago, Kampala, ilituchukua wiki tatu.

Muuguzi mmoja ndiye aliyetufungua macho baadaye. Kila mtu ana jeni (vinasaba tunavyorithi kwa wazazi) ziitwazo BRCA1 na BRCA2, ambazo hurekebisha hitilafu ndani ya chembe za mwili. Ukizaliwa na moja yenye kasoro, hitilafu hizo hujilimbikiza hadi saratani ikapata njia. Mzazi mwenye kasoro hiyo, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, wa kike na wa kiume. Hapa wengi wetu tulishtuka, maana baba naye huirithisha. Shangazi yako akifa kwa saratani hiyo, habari hiyo inakuhusu hata kama mama yako ni mzima wa afya.

Tafiti kubwa za nje zinaonyesha kuwa kati ya wanawake 100 wenye kasoro ya BRCA1, takriban 70 hupata saratani ya titi kufikia miaka 80, na 44 hupata ya ovari. Kwa BRCA2, ya titi ni karibu vilevile, ya ovari ni 17. Wala si ugonjwa wa Wazungu. Utafiti uliotolewa mwaka 2020, uliohusisha wagonjwa wa saratani ya titi wa Uganda na Kameruni, ulikuta zaidi ya mmoja kati ya kumi amerithi kasoro ya jeni.

Mwenye kasoro anaweza kuanza kuchunguzwa matiti kwa MRI, yaani picha za mashine ya sumaku, tangu miaka 25. Ovari ndiyo inayotutia hofu, kwa kuwa hakuna kipimo cha kutegemewa cha kuigundua saratani yake mapema. Madaktari hushauri mwenye kasoro ya BRCA1 aondolewe ovari na mirija kati ya miaka 35 na 40, akishamaliza kuzaa. Ni uamuzi mzito, hasa kwetu ambako mke huheshimiwa kwa watoto wake, na hakuna mama anayestahili kuachiwa aubebe peke yake.

Tunaomba mambo mawili. Kwanza, wauguzi wa vituo vyetu waulize historia ya ukoo, upande wa mama na wa baba, na waiandike. Na mwanamke mwenye kinundu asirudishwe nyumbani kwa sababu hakimuumi. Pili, familia kama hiyo iwe na njia ya rufaa hadi Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyopo Mulago tangu 1967, ipate ushauri na kipimo cha jeni. Ni kilomita zipatazo 200 kutoka hapa. Nauli tumeanza kuiweka wenyewe, shilingi 1,000 kwa kila mama kila mkutano.

Marehemu ameacha binti wa miaka 19, anayeuza mukene palepale alipouza mama yake. Haumwi popote. Ameketi safu ya pili, na ameturuhusu tumtaje. Mheshimiwa, ukishuka jukwaani, tunakuomba uanze kuzungumza naye.

Tunaomba kuwasilisha.