Barua kwa Wazazi: Kufunga Shule, na Suala la Koo la Mtoto

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Shule inafungwa leo kwa likizo ya mwezi wa sita. Ripoti ya mtoto imeambatanishwa, na tarehe ya kufungua imeandikwa chini yake. Mchango wa uji tutauzungumza kwenye kikao. Nafasi iliyobaki naitumia kwa jambo la afya lililotugusa muhula huu.

Kipupwe cha Dodoma mnakijua: upepo, vumbi, kila mtoto anakohoa. Mara nyingi ni mafua tu, yanapita. Lakini mtoto akiwa na homa na koo linamuuma hata mate hayamezeki, huku hana mafua wala kikohozi, mpelekeni zahanati. Huenda ni bakteria. Koo hilo lisipotibiwa, wiki mbili tatu baadaye kinga ya mwili ya baadhi ya watoto hugeuka ikaushambulia moyo wao wenyewe. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki. Ikijirudia, valvu za moyo, yaani milango ya kupitishia damu, hupata makovu, zikashindwa kufunga au kufunguka vizuri. Walio hatarini zaidi ni wa miaka 5 hadi 15, yaani karibu shule yetu nzima.

Tiba ya koo ni nafuu: sindano moja ya penisilini, au amoksilini kwa siku 10. Siku 10, si tatu! Vidonge vinavyobaki si akiba ya mdogo wake. Na kukata kimeo, nasema wazi hata kama bibi zetu watanuna, hakuukingi moyo. Kunaleta kuvuja damu na maambukizi.

Angalieni pia viungo vinavyovimba na maumivu yanayohama, leo goti, keshokutwa kiwiko. Na mwandiko. Mwalimu wa darasa la nne aliniletea daftari ambalo maandishi ya Januari yamenyooka, ya Aprili yanarukaruka kama ya mtu aliyeandikia ndani ya basi. Mikono ya mtoto ilikuwa ikichezacheza yenyewe. Majirani walishasema ni mapepo. Hospitali ikakuta homa hiyohiyo ya rumatiki. (Mzazi wake ameridhia niandike.)

Kwa wenye watoto wanaochomwa sindano ya penisilini kila wiki nne ili homa hiyo isijirudie: likizo ndipo tarehe zinaporukwa. Mtoto anakwenda kwa babu Kondoa au Mpwapwa, kadi inabaki kabatini. Kadi isafiri naye, na ulizeni mapema kituo gani cha huko kina dawa. Sindano inauma, atachechemea kidogo. Ila kujisikia mzima si sababu ya kuacha; huchomwa kwa miaka, mara nyingi 10 au zaidi, na daktari ndiye husema imetosha.

Anayehema akitembea kidogo au kuvimba miguu asingoje likizo iishe. Ombeni rufaa, Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma inapima moyo.

Kama mtoto wako yuko kwenye sindano na mwalimu wa darasa hajui, pita ofisini siku ya kufungua. Hatutatangaza. Tunataka tu asilazimishwe mchakamchaka kesho yake ya sindano.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu