Mdogo wangu, kabla hujafungua ofisi yako ya uwakili

Mdogo wangu mpendwa,

Nimepata ujumbe wako kwamba mwezi ujao unaaga kwa bosi wako, ukajitegemee. Nimefurahi mno, na tangu juzi silali vizuri.

Mambo ya kusajili jina la ofisi BRELA, kodi TRA, leseni na mashine ya risiti ya EFD ni ya foleni tu, utayamaliza. Chumba kiwe karibu na mahakama, hata kikiwa kidogo. Cheti chako cha uwakili kihuishe kila mwaka mapema. Akaunti ya fedha za wateja ifungue kabla hujapokea hata shilingi ya mtu, na hela iliyomo usiiguse hata mwenye nyumba akigonga mlango.

Kinachoninyima usingizi ni muhuri wako wa kushuhudia saini za watu.

Wiki yangu ya tatu sikuwa na kesi hata moja. Akaingia baba mmoja na mkataba wa mauziano ya kiwanja, muuzaji ameshasaini. "Wakili, wewe gonga tu," akaweka shilingi 50,000 mezani. Muuzaji yuko wapi? Eti Tabora, anaumwa. Zile noti nilizitazama muda mrefu, mdogo wangu, kodi ilikuwa inadaiwa. Nikamwambia muuzaji aje na kitambulisho, asaini mbele yangu. Akakusanya karatasi zake akatoka bila kuaga.

Mwaka uleule mjane mmoja aliniletea mkataba mwingine kabisa, wa kiwanja cha marehemu mumewe, umegongwa vizuri. Nikasoma tarehe ya saini, kisha nikamuuliza mumewe alizikwa lini. Saini ilikuwa ya wiki mbili baada ya mazishi! Mama wa watu alikaa kimya, kidole kikiwa juu ya ile tarehe. Sheria inapomtaka kamishna wa viapo, yaani wakili anayeshuhudia viapo, aandike kiapo kimeliwa wapi na lini, inamlinda mtu kama yule.

Mikataba yako iandike Kiswahili ambacho mteja atajisomea mwenyewe. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, huna sababu ya kumfungia mtu haki yake ndani ya Kiingereza.

Kabati langu la chuma la zamani nitalituma na lori Ijumaa. Lina ufunguo mmoja. Muhuri ukae humo, ufunguo uwe nao wewe, hata karani usimwachie.

Dada yako